Karatasi Iliyobaki Bluu

Siku hizi Gidamis anacheka vichekesho vyangu vyote. Hata vile vibovu. Desemba iliyopita, nikiwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yao kule Balangdalalu, nilimsimulia kile cha mbuzi aliyekula kitambulisho cha mgambo, ambacho darasani kwetu hakijawahi kumchekesha mtu hata kwa bahati mbaya, naye akacheka mpaka ndama aliyekuwa amemshika kwa kamba akashtuka na kuivuta. Halafu nikanyamaza. Sikuwa nimesema kitu kingine, na yeye akaendelea kucheka. Miezi michache kabla ya hapo, ungempa Gidamis kichekesho angekitazama kama bwana mifugo anavyotazama kinyesi cha ng'ombe mgonjwa, kwa makini na bila raha, kisha angeuliza: "Sasa hapo pa kucheka ni wapi?" Nilikaa naye chumba kimoja zaidi ya nusu mwaka nikitafuta kicheko chake. Sasa ninacho, na ningelipa chochote nikirudishe.

Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na wazee wenye miwani na shuka magotini. Mimi niko kidato cha nne, ndevu zangu ni tatu na moja kati ya hizo naishuku. Wazazi wangu wako Bashay wanalima vitunguu saumu, wazima, hawahusiki, tuwaache. Ninachotaka kuandika ni mwaka wa kidato cha tatu, na ndani ya mwaka huo chumba kimoja tu, kwa Bibi Veronika. Shule yetu haina mabweni ya kutosha, kwa hiyo sisi tunaotoka mbali hupanga vyumba kwenye nyumba za watu na kujipikia. Bibi Veronika alikuwa mjane mwenye nyumba ya udongo iliyopigwa lipu, ya vyumba vitatu: kimoja chake, kimoja cha mahindi, kimoja chetu mimi na Gidamis. Chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, matranka mawili, dirisha moja la ubao, na kamba ya kuanikia nguo iliyopita juu ya vitanda toka ukuta hadi ukuta. Kilinuka viatu na maharage. Pale bati lilipokutana na ukuta palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi, na baridi ya huku milimani ilipoanza, mwezi wa tano, tuliziba nafasi hizo zote kwa magunia na matambara, tukajisifu kama wakandarasi. Ukuta kati yetu na bibi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hata alipokuna mguu tulisikia. Asubuhi alisali kwa sauti, akiwataja ng'ombe wake wawili kwanza, kisha watoto wake walioko mbali, kisha sisi. Gidamis, ambaye kwao hawasali hivyo, alibaki amelala macho wazi akisubiri jina lake lipite ndipo aamke. Nilimuuliza kwa nini. Alisema akishatajwa anaona siku imeanza vizuri.

Bibi alikuwa na amri moja tu: jiko la mkaa likae nje, barazani. Mvua inyeshe, ukungu uingie mpaka kwenye sufuria, jiko nje. Alisema alipokuwa msichana, watu wawili wa jirani yao walilala na jiko ndani, na asubuhi walitolewa wote wawili, midomo ina rangi nzuri kama ya watu wenye afya, isipokuwa hawakuwa wanapumua. Alivyolisema hilo la midomo, akigusa na wa kwake, nililichukulia kama yale mambo ya bibi zetu ya kutotazama kioo wakati wa radi. Tulikula barazani tukitetemeka, ugali ukipoa kabla ya tonge la tatu, Gidamis akiwa amejifunika shuka lake jeusi, mimi nikilalamika kwa niaba ya wote.

Lakini njaa na baridi tungevumilia. Shida hasa ilikuwa nguo. Kila mmoja wetu alikuwa na shati moja jeupe la shule, na mwezi wa saba huku kwetu shati likifuliwa Jumamosi, Jumatatu asubuhi bado unaweza kulikamua ukapata maji ya chai. Na Jumatatu ndiyo siku mwalimu wa nidhamu alipita kwenye mistari akikagua kola, shingo moja baada ya nyingine, kwa kidole. Kola chafu, fimbo. Shati bichi, unakaa nalo mwilini mpaka likaukie hapo, na unakohoa hadi Ijumaa. Nyumba za jirani, wanafunzi waliingiza jiko ndani wakaanika nguo juu yake, zikakauka, wakatucheka. Nikaamua kwamba amri ya bibi lazima iondoke, na iondolewe kwa sayansi.

Sayansi yenyewe niliipata hivi. Madam Neema, mwalimu wetu wa kemia, alituonyesha salfa inavyoungua. Aliiweka kwenye kijiko cha chuma chenye mpini mrefu, akaiwasha, ikashika moto wa bluu, akaishusha ndani ya chupa iliyokuwa na maji kidogo chini. Harufu iliyotoka ilitukaba mpaka walio mbele wakalia machozi. Akafunika chupa, akaitikisa, akachovya karatasi ya litmasi ya bluu, na karatasi ikageuka nyekundu mbele ya macho yetu. Akasema ndivyo zilivyo oksaidi za visivyo metali, ukiziyeyusha kwenye maji zinakuwa asidi: salfa hivyo, fosforasi hivyo, na hata kaboni daioksaidi tunayoitoa puani, ingawa asidi yake ni dhaifu, ndiyo inayofanya soda iume ulimi. Nilinyoosha mkono. Nikauliza, kwa heshima zote, kama basi na ile gesi anayotoaga Safari wa dawati la nyuma baada ya maharage ya mchana ingepimwa kwa karatasi hiyo hiyo, na kama angekubali kujitolea. Darasa likafa kwa kicheko. Safari mwenyewe alicheka. Madam hakucheka, akanielekeza mlango.

Nikasimama nje karibu na tangi la maji, nikiwafanyia nyuso za nyani wasichana wa dirishani. Ndani Madam aliendelea. Nilimwona akinyoosha kidole kimoja juu, kama mtu anayesema jambo ambalo ni tofauti na mengine, na darasa zima likainama kuandika mstari. Nilimwona Gidamis akipigia mstari huo kwa rula, taratibu, ulimi nje. Niliona kabisa. Sikujiuliza wameandika nini. Baadaye nilienda maabara kumwomba Madam msamaha, nikatoka na msamaha pamoja na kijitabu cha karatasi za litmasi mfukoni.

Onyesho nililifanya Jumamosi mchana. Bibi Veronika alikuwa barazani na majirani wawili wakichambua maharage, ungo katikati, wakisema mambo ya harusi fulani ambayo nyama ilikwisha kabla ya wageni. Nikawaamkia mmoja mmoja, nikavuta kigoda, nikamwambia bibi kwamba mimi sibishani naye, ninapima. Nililowesha karatasi moja, nikawasha kiberiti chini yake, na moshi wa kile kichwa cha kiberiti ukaibadilisha, ukingo ukawa mwekundu. Wale mama wakaacha maharage. Nikawaeleza kwamba rangi hiyo nyekundu ndiyo sumu, sumu ikikutana na maji hujitangaza. Kisha nikachukua jiko, makaa yakiwa yamekolea hayatoi moshi hata kidogo, nikaliingiza chumbani kwetu, nikaning'iniza karatasi nyingine mbichi kwenye kamba ya nguo, nikafunga mlango, na tukasubiri nje muda wa birika la chai kuchemka kwa jirani. Nilipofungua, niliitoa ile karatasi kama padri anavyotoa kitu kitakatifu. Bluu tupu. Nikasema kaboni si metali, oksaidi yake ikigusa maji lazima iwe asidi, karatasi ina maji, kwa hiyo kama humo ndani kungekuwa na ubaya karatasi ingesema. Jirani mmoja akapiga makofi. Bibi aliishika ile karatasi, akaigeuza huku na huku, akauliza kama haiwezi kudanganya. Nikamjibu kwamba karatasi haina mdomo.

Hapo ndipo Gidamis, aliyekuwa amesimama mlangoni na dumu la maji, aliposema, kwa sauti yake ile ya kuomba radhi:

"Kuna moja haibadilishi. Madam alisema, siku ile ulitolewa nje."

Kazi yote iliyokuwa imebaki ilikuwa neno moja. Ipi? Ningeuliza ipi, angeweka dumu chini, angeleta daftari, na leo ningekuwa ninaandika kuhusu mpira. Lakini wale mama walikuwa wananitazama mimi, na mtu mwenye kipaji changu akishapata watu wa kumtazama hawezi kuwaachia wengine.

"Kitu kisichobadilika rangi hapa," nikasema, "ni kola ya shati lako."

Walicheka. Bibi naye alicheka, akajifunika mdomo kwa kitenge. Gidamis aligusa kola yake, kwa vidole viwili, akaingia ndani na dumu lake. Bibi akapangusa macho, akasema kama vitabu vimesema basi liingizeni, ila mlango muuache wazi kidogo. Mlango tuliuacha wazi kidogo kwa wiki moja. Baadaye upepo ulikuwa unaingia sana, tukawa tunaufunga, na tukawa tunaamka na vichwa vinauma, na mimi nikasema ni mtihani wa hisabati. Ile karatasi ya bluu niliibana kwenye kamba ya nguo kwa kibanio, kama medali.

Na tangu siku ile Gidamis akawa anafua kola yake kila Jumapili. Alikuwa anaisugua kwa sabuni na gunzi la muhindi mpaka uzi ukaanza kutoka. Nilimwona, nikafurahi kwamba kichekesho changu kimefanya kazi ya elimu.

Jumapili yenyewe ukungu haukuondoka toka asubuhi. Bibi alitoka misa akaenda kwenye sala za jumuiya kwa jirani, mimi nikaenda uwanjani. Gidamis alibaki na beseni. Nilirudi kama saa kumi, nikiwa na andazi lake moja limefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Nilikuwa nimenunua mawili na nimekula langu na nusu ya lake. Mlango ulikuwa umefungwa na chini yake pamezibwa gunia. Nikagonga, nikasema kwa sauti nzito kwamba ni polisi, atoke mikono juu. Nikangoja anijibu kwa uchovu kama kawaida yake. Nikagonga tena. Kisha nikausukuma kwa bega.

Ninachokumbuka kwanza ni kwamba kulikuwa na joto zuri. Hakukuwa na moshi wala harufu, ila joto tu, kama la mahali unapotaka kukaa. Shati lilikuwa kwenye kamba, limekauka, jeupe kabisa, na kando yake karatasi yangu, bado bluu. Gidamis alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, mkono mmoja mbele, kama aliyekuwa anaenda kufungua. Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri. Nikasema jina lake. Sikumvuta, sikufungua dirisha, nilisimama pale nikirudia jina lake na andazi mkononi, mpaka Bibi Veronika, akirudi kutoka jumuiya, alipoingia nyuma yangu. Alinipita, akamshika Gidamis miguu, akamburuta mpaka uani kwenye ukungu, akapiga magoti na kuanza kumpepea kwa kitenge chake huku akinitazama mimi, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka umri wangu.

Gari la mfanyabiashara wa vitunguu lilitupeleka Haydom. Kule hospitali walimwekea oksijeni siku nyingi. Sisi tulikaa kwenye kibaraza na watu walioshuka kwenye mabasi na chupa zao za chai na blanketi, kila mmoja akimuuliza mwenzake wa kwake ana nini. Baba yake Gidamis alifika siku ya pili, mzee mrefu mwenye fimbo na shuka. Nilisikia muuguzi akimweleza kwamba gesi ya mkaa inashika damu mahali pa hewa, na mtu anakosa hewa huku anapumua. Mzee aliuliza swali moja tu, moto ulikuwa wa nani. Kabla sijafungua mdomo Bibi Veronika alisema ni wake.

Alilisema tena shuleni, mbele ya mkuu wa shule na mtendaji, kwenye kikao walichoweka viti vya plastiki nje ya ofisi. Waliuliza nani aliruhusu jiko kuingia ndani. Alisimama, kitenge amekifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima, akasema, "Niliyeruhusu ni mimi." Na wala haukuwa uongo. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikitazama kisigino chake kilichopasuka. Wakamkataza kupangisha wanafunzi, na watu waliokuwa wakikaa naye kuchambua maharage, wakiwemo wale wawili walioona karatasi kwa macho yao, wakaanza kupita njia ya juu wasipite kwake. Siku niliyokwenda kuchukua tranka langu nilimkuta anatoa magunia tuliyozibia bati, amepanda juu ya ngazi. Nilianza kumwambia kwamba nitaenda kwa mkuu wa shule kusema ukweli. Hakugeuka. Aliniambia, "Nyamaza usome." Nilitii nusu ya kwanza.

Cha ajabu ni kwamba Gidamis alirudi. Mwezi wa nane alikuwa darasani, mwembamba, anaongea vizuri, na mimi nikampa jina la Mfufuka na nikajiona nimesamehewa na Mungu bila kupitia kwa mtu. Wiki chache tu. Kisha akaanza kuvaa viatu kinyume. Akaulizwa jibu la hesabu iliyokuwa ubaoni kwa mwandiko wake mwenyewe, hakuijua. Akapotea njia ya chooni. Akaanza kucheka. Walimrudisha Haydom, na daktari akamwambia baba yake kwamba gesi hii mara nyingine hufanya hivyo, inaondoka kisha madhara yake yanarudi, na sasa ni kusubiri. Mzee akampeleka nyumbani akasubiri huko. Chini ya godoro lake, kwenye chumba kipya tulichohamia, nilikuta daftari la kemia. Mstari ule upo, umepigiwa rula mara mbili, kwa Kiingereza cha Madam. Kwa Kiswahili unasema kwamba kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, haifanyi asidi na maji, haibadilishi litmasi, na ni sumu.

Mwezi wa kumi na mbili nilichukua tranka lake, daftari na lile shati, nikapanda basi hadi Haydom, kesho yake basi jingine kuelekea Hanang, kisha pikipiki hadi kwao Balangdalalu. Mama yake alinipa ugali na maziwa ya mgando kwenye kibuyu kinachonuka moshi mzuri, akanitazama nikila kama vile nilikuwa nimeleta nusu nyingine ya mwanawe. Jioni wanaume walikaa karibu na zizi wakiongea lugha yao. Sikuelewa kitu ila jina moja, Veronika, lililotemwa kama mbegu. Mzee aliona nimelisikia. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kwamba kila siku mtoto anapopotea kutoka kisimani anamkumbuka yule mwanamke aliyeweka moto na mtoto wa watu chumba kimoja. Alisema hakuna mtu wa nyumba hii atakayemsalimu tena, si yeye, si wanawe, na yeye akifa wanawe watawaachia watoto wao agizo hilo.

Nilikuwa na vichekesho vitatu kichwani, naapa, vyote tayari. Nikaviacha. Nikamweleza mzee yote: tangi la maji, kijitabu nilichoiba, kiberiti, karatasi, mlango wazi kidogo, na kola. Nilipofika kwenye kola niliirudia ili aisikie. Alikuwa anachora mchanga kwa ncha ya fimbo. Mkono ulipotulia, aliuliza:

"Na yeye alijua?"

"Alijua, baba. Alisema. Nikamcheka."

Mzee akainuka, akasema nikifika nimwambie yule mama kwamba mzee wa Balangdalalu anamsalimu, akaenda kufunga zizi. Salamu nilizifikisha wiki iliyofuata. Bibi alikuwa peke yake na ungo wake. Aliacha kuchambua, akauliza kama kijana anakula vizuri, nikasema anakula, akasema haya, akaendelea.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na asubuhi ya kuondoka. Mzee alikuwa amesimama mbele ya zizi akihesabu ng'ombe wakitoka. Gidamis alikuwa nyuma yake na kamba ya ndama, amevaa lile shati jeupe nililolileta, vifungo vimekosana. Nilimsogelea mzee, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nilidhani hajasikia, nikasema tena. Aliendelea kutazama ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, na nikaelewa kwamba nimesikika. Katika maisha yangu yote hakuna mkubwa aliyewahi kuiacha shikamoo yangu hewani, hata walionichapa. Nilisimama nayo pale, sijui niiweke wapi.

"Marahaba," akasema Gidamis, nyuma ya baba yake, kwa sauti nzito ya kizee.

Nikamtazama. Hakuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tatu kumwona hacheki; alinitazama kwa ule uso wake wa zamani wa kukagua, kisha ndama akavuta kamba, akageuka akamfuata. Kama haikuwa akili iliyopotea njia, basi ulikuwa utani, wa kwanza aliowahi kunitania. Sijui ni lipi kati ya hayo. Nilimngoja ageuke tena, mpaka mwenye pikipiki akapiga honi.